Mwezi wa Mlisho: Habari za Shaabani na Kujiweka Tayari kwa Ramadhani

I. Hesabu ya miezi

Mtu akiwauliza wazee wa pwani ya Afrika ya Mashariki majina ya miezi ya mwandamo, hatasikia majina yote kumi na mawili ya Kiarabu. Atasikia Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, na kuendelea hivyo hata Mfunguo Tisa; kisha hesabu hukoma, na miezi mitatu iliyosalia huitwa kwa majina yake, yaani Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Waarabu huanza mwaka wao kwa Muharamu. Mswahili kwa hesabu hii huanza kwa Shawali, mwezi ambao saumu hufunguliwa. Kwa hiyo Muharamu kwake ni Mfunguo Nne, na mwezi wa Maulidi ni Mfunguo Sita.

Hesabu hii yatuonyesha jinsi watu wa pwani walivyoutazama mwaka. Miezi tisa yahesabiwa kwa kutazama nyuma, kwenye saumu iliyokwisha funguliwa. Rajabu na Shaabani haimo katika namba hizo, kwa kuwa macho ya watu yamekwisha geuka kuitazama saumu ijayo. Lugha yenyewe, basi, yatuambia ya kwamba kuna wakati wa kujiweka tayari, na ya kwamba wakati huo una mipaka yake.

Lakini Shaabani ina jina la pili kwa Kiswahili, nalo ni Mlisho, neno litokalo katika kulisha. Tena katika siku zake za mwisho iko karamu iitwayo vunja jungu. Mwalimu asikiaye maneno haya mawili aweza kudhani ya kwamba Shaabani ni mwezi wa shibe tu, watu wakila kwa pupa kabla ya njaa. Habari za kale za Uislamu zanena kinyume: ya kwamba hapana mwezi, isipokuwa Ramadhani yenyewe, ambao Mtume Muhammad alifunga siku nyingi zaidi kuliko huu. Imekuwaje, basi, mwezi wa kufunga ukaitwa mwezi wa kulisha? Swali hili ndilo nitakalolifuata, kwa maana katika jibu lake mna habari yote ya matayarisho haya.

II. Jinsi Shaabani ilivyopata heshima

Wanavyuoni wa Kiarabu hulitoa jina la Shaabani katika shina lenye maana ya kutawanyika, au kugawanyika kama matawi. Wengine wasema Waarabu wa kale walitawanyika mwezi huo kutafuta maji. Wengine wasema walitawanyika kwenda kuteka nyara, baada ya kutulia katika Rajabu, ambao ni mmoja wa miezi minne mitakatifu iliyokatazwa vita. Katika maelezo haya hamna neno la ibada. Rajabu ilikuwa na heshima yake tangu zamani za ujahili. Ramadhani ilipewa heshima yake na Kurani. Shaabani ilikaa katikati, kama njia ipitayo baina ya nyumba mbili kubwa.

Muhammad alihamia Madina mwaka 622. Mwanzoni Waislamu wa Madina walifunga siku ya Ashura, yaani siku ya kumi ya Muharamu. Katika Shaabani ya mwaka wa pili wa Hijra, nayo ilikuwa karibu na Februari mwaka 624, ndipo ilipotolewa amri ya kufunga mwezi mzima wa Ramadhani. Karibu na siku zizo hizo kibla kiligeuzwa kutoka Yerusalemu kuelekea Makka. Baadhi ya wenye historia wasema ni katika Rajabu, wengine wasema ni katika Shaabani. Watu walikuwa na majuma machache tu ya kuipokea amri hiyo nzito, na Ramadhani hiyo ya kwanza ilipofika siku yake ya 17, walikuwa wakipigana vita vya Badri. Shaabani ya kwanza ilikuwa hivyo: watu wameagizwa neno zito, na siku za kujitayarisha ni chache.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyoleta mwendo maalumu. Bukhari, aliyekufa mwaka 870, na Muslim, aliyekufa mwaka 875, wote wawili walipokea habari ya Bibi Aisha ya kwamba hakumwona Mtume akikamilisha kufunga mwezi wowote isipokuwa Ramadhani, wala hakumwona akifunga siku nyingi katika mwezi mwingine kama katika Shaabani. Nasai, aliyekufa mwaka 915, ameandika ya kwamba Usama bin Zaid alimwuliza Mtume sababu yake. Jibu aliloliandika lina mambo mawili: kwanza, huu ni mwezi ambao watu hughafilika nao, uliopo baina ya Rajabu na Ramadhani, pili, ni mwezi ambao matendo ya watu hupandishwa kwa Mungu, naye Mtume alipenda matendo yake yapandishwe hali amefunga.

Sababu ile ya kwanza yafaa tuiangalie sana. Katika Ramadhani mji mzima hufunga, na hata mtu mlegevu huzuiwa na haya ya kuonekana anakula. Katika Shaabani hapana amzuiaye mtu. Soko li wazi, jirani anakula, na afungaye hujulikana na Mungu wake peke yake. Kwa hiyo walimu wa Kiislamu wameihesabu saumu hii kuwa kipimo cha nia: yule aliyekwisha kujizuia mahali asipolazimishwa, hataiona amri ya Ramadhani kuwa mzigo mgeni.

III. Deni, kusoma, sadaka na hesabu ya siku

Kufunga kwa hiari ni sehemu moja tu ya matayarisho. Sehemu ya pili ni kulipa deni. Mgonjwa, msafiri, na mwanamke aliyekuwa katika hedhi au nifasi, wote wana siku walizoziacha katika Ramadhani iliyopita, nazo zapaswa kulipwa. Bibi Aisha mwenyewe amepokewa akisema ya kwamba alikuwa na siku za kulipa, wala hakuweza kuzilipa mpaka ilipofika Shaabani. Kwa neno hili Shaabani imekuwa mwisho wa muda wa kulipa. Katika madhehebu ya Shafii, mtu achelewaye pasipo udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikamkuta, hubaki na deni la siku zake, na juu yake hutoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku aliyoichelewesha. Mwalimu mwenye wanafunzi wa Kiislamu akimwona mwanamke au kijana anafunga katika Shaabani, na asidhani ya kuwa ni kuzidisha tu. Pengine yu katika kulipa.

Sehemu ya tatu ni kusoma. Ibn Rajab wa Dameski, aliyekufa mwaka 1393, alitunga kitabu juu ya miezi na ibada zake, kiitwacho Lataif al-Maarif, na humo alikusanya habari nyingi za watu wa kale. Ataja ya kwamba Salama bin Kuhail aliuita Shaabani mwezi wa wasomaji, na ya kwamba Amr bin Qais wa Kufa, aliyekuwa mfanya biashara, ulipoingia mwezi huo alikuwa akifunga duka lake ili apate nafasi ya kusoma Kurani. Yuko pia mwanachuoni wa Balkh ambaye aliilinganisha miezi mitatu na kazi ya shamba: Rajabu ni wakati wa kupanda, Shaabani ni wakati wa kunywesha, na Ramadhani ni wakati wa kuvuna. Mfano huu hutajwa mara nyingi, kwa maana mkulima yeyote aufahamu pasipo kufasiriwa.

Sehemu ya nne ni sadaka. Katika kitabu hicho hicho imo habari ya kwamba Waislamu wa kwanza walitoa zaka za mali zao katika Shaabani, ili maskini na wanyonge wapate nguvu ya kufunga Ramadhani. Wenye ilimu ya hadithi wameona udhaifu katika mapokezi yake, lakini maana yake yaeleweka. Maskini asiye na akiba hawezi kustahimili mwezi wa saumu kama tajiri mwenye ghala. Mtu ajitayarishaye kwa saumu yampasa kufikiri tumbo la mwenzake, wala si roho yake peke yake. Hapa neno la Mlisho laanza kutoa maana yake.

Sehemu ya tano ni kuhesabu. Mwezi wa mwandamo huwa na siku 29 au 30, wala hapana ajuaye kwa sheria mpaka mwezi uonekane. Jioni ya siku ya 29 ya Shaabani watu hutazama magharibi baada ya jua kuchwa. Ukionekana, kesho ni Ramadhani. Mawingu yakiuficha, Shaabani hukamilishwa siku 30. Kwa hiyo mtu asiyeangalia mwandamo wa Shaabani hawezi kuijua hakika Ramadhani yake. Siku ile ya 30, watu wakisema mwezi umeonekana na ushahidi usithibitike, huitwa siku ya shaka, na kuifunga kwa ajili ya kujihadhari kumekatazwa. Mtume aliwakataza watu wasiitangulie Ramadhani kwa saumu ya siku moja au mbili, isipokuwa mtu ambaye siku hiyo imeangukia saumu yake ya kawaida. Yaani kuwe na mpaka baina ya hiari na faradhi, ili watu wasirefushe amri ya Mungu kwa bidii yao wenyewe.

IV. Usiku wa nusu ya mwezi na mashindano juu yake

Katikati ya Shaabani, usiku wa kuamkia siku ya 15, ndipo penye mashindano makubwa. Imepokewa hadithi ya kwamba usiku huo Mungu huwatazama viumbe vyake na kuwasamehe wote, ila mshirikina na mwenye kinyongo na mwenzake. Wako waliosema mapokezi yake ni dhaifu, na wako waliosema yapata nguvu kwa kuwa yamekuja kwa njia nyingi. Hapa pwani na mahali pengine watu husameheana na kutakana radhi kabla ya Ramadhani, na hadithi hii ni moja ya yale yawahimizayo. Kwani mwenye kinyongo ametajwa pamoja na mshirikina, jambo ambalo kila msikilizaji hulishika.

Lakini je, usiku huo ufanyiwe ibada ya jamaa msikitini? Ibn Rajab asimulia ya kwamba katika nchi ya Shamu wako waliouadhimisha, kama Khalid bin Maadan, Makhul na Luqman bin Amir. Walivaa nguo nzuri, wakafukiza ubani, wakakesha msikitini. Wanavyuoni wa Hijazi, kama Ata wa Makka, walilikataa jambo hilo. Auzai, imamu wa Shamu aliyekufa mwaka 774, alishika njia ya katikati: hakupenda watu wakusanyike misikitini kwa ajili ya usiku huo, bali hakumzuia mtu kusali peke yake. Ibn Rajab naye aliliona neno hilo kuwa ndilo la karibu zaidi na haki.

Jinsi sala ya jamaa ilivyoenea imeandikwa na Turtushi, mwanachuoni mzaliwa wa Hispania aliyekufa Iskandaria mwaka 1126, kwa mapokezi ya mtu wa Yerusalemu. Asema ya kwamba mwaka 448 wa Hijra, yaani mwaka 1056, alifika Yerusalemu mtu wa Nablus aitwaye Ibn Abi al-Hamra, mwenye sauti nzuri ya kusoma. Usiku wa nusu ya Shaabani alisimama kusali katika msikiti wa Aksa. Mtu mmoja akasimama nyuma yake, kisha wa pili, kisha wa tatu na wa nne. Hata alipomaliza walikuwa jamaa kubwa. Mwaka wa pili akarudi, na watu wengi wakasali pamoja naye. Ndipo sala hiyo ikaenea msikitini na majumbani, hata ikawa kana kwamba ni sunna ya tangu zamani. Hapakuwa na amri ya mtawala wala uamuzi wa makadhi. Palikuwa na msomaji mmoja mwenye sauti nzuri, na watu waliokuwa na shauku.

Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, aliitaja sala ya rakaa 100 ya usiku huo katika kitabu chake mashuhuri, Ihya. Nawawi, aliyekufa mwaka 1277, alisema wazi ya kwamba sala hiyo, pamoja na ile ya Raghaibu ya mwezi wa Rajabu, ni bidaa mbaya, na ya kwamba mtu asidanganyike kwa kuziona zimetajwa katika Ihya. Wote wawili ni wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, na wote wawili wanaheshimiwa sana pwani yetu. Msomaji asishangae, basi, akiona katika mji mmoja watu wa dini moja na madhehebu moja wakihitilafiana juu ya usiku huo.

V. Pwani ya Waswahili

Madhehebu ya Shafii yamekaa pwani hii muda mrefu. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake ni Washafii. Jambo hili lina maana kubwa kwa swali letu, kwa kuwa madhehebu ya Shafii yana hukumu yake juu ya nusu ya pili ya Shaabani. Kwa hukumu hiyo, mwezi ukipita nusu, haifai mtu kuanza saumu ya hiari, ila akiwa ameunganisha na siku zilizotangulia, au ana desturi yake kama ya kufunga Jumatatu na Alhamisi. Kulipa deni na kutimiza nadhiri kwaruhusiwa. Na sababu itajwayo ni kwamba mwili upate nguvu ya kuipokea Ramadhani.

Hapo ndipo naona fundo la swali letu linapofunguka. Mwezi una sehemu mbili. Nusu ya kwanza ni ya kufunga kwa hiari. Nusu ya pili, kwa watu wasio na deni wala desturi, ni ya kula, kulisha na kukusanya nguvu. Jina la Mlisho halipingani na mwendo wa Mtume, wala si dalili ya watu walioisahau dini yao. Lapatana na sheria ya madhehebu yao wenyewe, na pia lapatana na ile habari ya kale ya kuwalisha maskini ili waweze kufunga.

Usiku wa nusu ya mwezi, katika misikiti mingi ya pwani, husomwa sura ya Yasini mara tatu baada ya magharibi, kwa nia tatu: kuomba umri mrefu katika utii, kuomba kuepushwa na balaa, na kuomba riziki isiyomfanya mtu kuwategemea watu. Desturi hii iko pia Hadhramaut, nchi iliyotuletea masharifu na walimu wengi. Na huko Shaabani ndio mwezi wa ziara ya kaburi la Nabii Hudi, mashariki ya Tarim. Waislamu wa Kishia Ithnaashari, ambao wako Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, huiadhimisha siku ya 15 kwa sababu nyingine kabisa, kwani ndiyo siku ya kuzaliwa kwa Imamu wao wa kumi na mbili, mwaka 255 wa Hijra. Yafaa mwalimu asichanganye mambo haya mawili kwa kuwa yameangukia tarehe moja.

Mashindano ya Turtushi na Nawawi hayakukoma katika nchi za Waarabu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na baadaye Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja (1912–1982), aliyeifasiri Kurani kwa Kiswahili, waliandika kuwaonya watu juu ya mambo yaliyozidishwa katika dini. Tangu siku zao hata leo wako wasemao Yasini tatu ni mwendo mwema wa wazee, na wako wasemao ni jambo lisilo na asili.

Imebaki vunja jungu. Jungu ni chungu kikubwa, na karamu hii huwa siku za mwisho wa Shaabani, wakati chungu cha mchana kinapokaribia kukaa bila kazi mwezi mzima. Jamaa na marafiki hukusanyika, hupika, hula pamoja, na wengine huenda ufukoni au shambani. Wasomaji wetu wajuao historia ya Kwaresima watakumbuka ya kwamba Ulaya nako watu walikula na kushangilia siku za mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Jambo hili ni la wanadamu, si la kabila moja. Katika miji mikubwa vunja jungu imegeuzwa na baadhi ya watu kuwa siku ya ulevi na ngoma za usiku, na masheikh hukemea jambo hilo kila mwaka katika hotuba zao. Kemeo lao si geni kwetu. Ni hofu ile ile ya kwamba mlango wa ibada usije ukawa mahali pa kuagana na dhambi kwa muda, kisha mtu azirudie Mfunguo Mosi ukiingia.

Kwa hayo twaona ya kuwa neno moja la watu laweza kubeba mambo ya nyakati mbalimbali: sheria ya Mshafii, huruma kwa maskini, furaha ya jamaa, na ulegevu wa baadhi. Mwalimu au kasisi aandikaye desturi za mji wake asiandike tu ya kwamba katika Shaabani watu walifunga au walikula. Na aulize ilikuwa nusu ipi ya mwezi. Aulize kama afungaye alikuwa na deni. Aulize nani aliyelishwa katika Mlisho, jamaa wa nyumbani au maskini wa mlangoni. Na katika mambo ya usiku wa nusu, asimsikilize sheikh mmoja akamwacha mwenziwe, maana mashindano yao ni ya miaka mia nyingi, na kila upande una wazee wake.